Nimerudi kwenye vepu ndogo: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Kama unavuta vepu (sigara ya kielektroniki) ili usirudi kwenye sigara, na makazi yako ni huku kusini, chukua podi ndogo, yaani vepu yenye kikopo kidogo cha likwidi kinachochomekwa kwenye betri; kikopo hicho nacho tunakiita podi. Isiwe na vitufe vya kubofya, isiwe na kioo cha kuonyesha namba, isihitaji bisibisi. Nasema hivi nikiwa nimetumia vifaa vikubwa kwa muda wa kutosha kuvielewa: kwanza kisanduku cha betri mbili chenye tangi la koili za kununua (koili ni waya unaopata moto na kugeuza likwidi kuwa mvuke), kisha lile tangi la kujisukia koili na kupachika pamba mwenyewe. Leo natumia podi yenye betri ya 800 mAh inayokaa mfuko wa shati bila kuuvuta chini, na ndiyo inayonifaa.

Naongea kama mtu aliyevuta sigara miaka mingi. Kazi yangu ni ukarani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Msimu ukifunguka, Oktoba kwenda mbele, magari yanapanga foleni getini tangu alfajiri, mizani haipumziki, na arosto inakuja saa ile ile ambayo huwezi kuondoka. Ndani ya ghala hakuna anayewasha chochote. Ganda la korosho lina mafuta yanayoshika moto haraka, na mzigo uliomo mle ni jasho la wakulima la mwaka mzima. Kwa hiyo unachopata ni dakika chache za kutoka nje ya geti, ukate arosto, urudi kwenye daftari. Kifaa chochote nitakachokisifu lazima kiweze hizo dakika chache.

Kile kisanduku kikubwa sitakidhulumu. Ladha yake ni ya daraja lingine. Fleva ya embe inakuja embe kweli, mvuke una uvuguvugu, ni mzito, unajaza kifua. Ila uvutaji wake ni wa kuingiza moja kwa moja mapafuni kwa pumzi ndefu, tofauti na sigara ambayo moshi unaukusanya kwanza mdomoni ndipo unaushusha. Hapo ndipo mambo yote mengine yanapoanzia, na wauzaji wengi hawakuelezi. Ukivuta pumzi ndefu namna ile huwezi kutumia nikotini kali, koo litakataa. Unatumia likwidi ya miligramu 3 kwa kila mililita, na ili nikotini ikutoshe inabidi uvute nyingi. Mimi nilikuwa nakwenda karibu mililita 10 kwa siku. Zidisha, unapata miligramu 30. Podi yangu inatumia likwidi ya chumvi ya nikotini, miligramu 20 kwa mililita. Hiyo imetiwa asidi, mara nyingi ya benzoiki, inayopunguza mkwaruzo, ndiyo maana koo linaipokea japo ni kali. Kwa siku natumia kama mililita moja na nusu. Zidisha tena, ni 30 ile ile. Tofauti ni kwamba kule chupa ya mililita 60 ilikuwa haifikishi wiki, na huku chupa ya mililita 30 inasogea mpaka wiki ya tatu.

Kwa mtu anayeishi Dar, pengine hilo ni suala la pesa tu. Kwetu ni suala la kupata au kukosa kabisa. Mtwara mjini likwidi zinapatikana kwa kubahatisha. Koili za kifaa fulani mahususi ndiyo usiseme. Unampigia mtu Kariakoo, unamtumia hela kwa simu, anapakia kifurushi kwenye basi, na basi lina zaidi ya kilometa 550 za kutembea kabla halijaingia stendi. Siku nyingi kinafika kesho yake asubuhi na mambo yanakwenda. Lakini Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliponyesha, barabara ya Dar kuja huku ikakatika upande wa Somanga na kwingineko, abiria wakalala njiani, bidhaa zikasimama. Wakati huo nilikuwa bado na kisanduku kikubwa. Likwidi ikaisha, koili ya mwisho ikaungua, na nikaingia dukani kuulizia sigara. Niliokolewa na podi ya zamani iliyokuwa kwenye droo pamoja na chupa ndogo ya miligramu 20 iliyobaki robo. Robo ile ikanifikisha mpaka magari yakaanza kupita. Tangu hapo nikaanza kukitazama kile kikubwa kwa jicho jingine.

Umeme nao. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lakini sote wa mikoa hii tunajua kukaa gizani maana yake nini. Betri mbili za kile kisanduku kikubwa, za aina ya 18650 na zenye 2500 mAh kila moja, zinabeba jumla ya wati-saa 18 hivi. Ukivuta kwa wati 80, kama nilivyokuwa navuta, hizo ni dakika 13 au 14 za koili kuwaka, basi. Podi ya 800 mAh inabeba wati-saa 3 tu, ila koili yake ya omu 1.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inakula kama wati 11, kwa hiyo inawaka dakika 16. Kidude cha mfukoni kinadumu sawa na lile tofali, au kulizidi kidogo. Sasa chukua pawabenki ya kawaida ya 10,000 mAh, ile unayochajia simu. Ukiondoa umeme unaopotea njiani, itaijaza podi kama mara nane. Kisanduku kikubwa itakijaza mara moja na kidogo, na simu yako ibaki imezima.

Nilipohamia kwenye tangi la kujisukia, nilikuwa nakimbia gharama za koili za kununua, na kwa hilo lilinisaidia: roli moja ya waya na mfuko wa pamba vinakaa miezi. Lakini iangalie kazi yenyewe. Unakata waya, unauzungusha kwenye kijiti cha milimita 3, mizunguko mitano au sita. Unapitisha miguu ya waya kwenye matundu, unakaza skurubu mbili ambazo ikidondoka moja kwenye mchanga ndiyo basi tena. Unapima omu kabla hujawasha, kwa sababu omu zikishuka sana betri inalazimishwa kutoa umeme kuliko uwezo wake. Unaiwasha kidogo kidogo huku unaibana kwa kikoleo mpaka iwe nyekundu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ndipo unapitisha pamba. Ikibana sana, likwidi haipiti na unavuta pamba iliyoungua, ladha inayokaa kooni mpaka jioni. Ikilegea, likwidi inashuka kwenye matundu ya hewa na kulowanisha suruali. Nyumbani usiku, juu ya meza, taa ikiwepo, kazi hiyo ina raha yake na naielewa furaha ya wanaoipenda. Nje ya geti la ghala, upepo wa bahari unapeperusha pamba na vumbi la magunia linashika kila kilicholowa, haifanyiki.

Podi naifungua kizibo cha mpira pembeni, natia likwidi mpaka karibu na ukingo, naziba, naisimamisha kwenye daftari dakika kama kumi ili pamba inywe. Kisha navuta. Haina kitufe, ukivuta hewa, inawaka yenyewe.

Kuna suala la watu pia, na kwangu lina uzito. Mvuke wa wati 80 ni wingu linalomfuata mtu mpaka ndani ya bajaji. Kwa bi mkubwa kule Mikindani nilikuwa nikikaa barazani tu, harufu ya sukari inaingia mpaka chumbani. "Mwanangu, toka nalo hilo, watoto wamelala," akaniambia, na hakuongeza neno. Ya sasa natoka nayo uani vilevile, kwa sababu mtoto hapaswi kupuliziwa kitu hiki, kiwe kingi au kidogo. Lakini pafu mbili tatu zinakwisha, mvuke unapotea hapo hapo, na nikirudi kukaa naye hakuna anayekunja pua.

Wanaofunga wasikilize hili. Jioni ya Ramadhani, baada ya kutwa nzima bila nikotini, usianze na podi ya miligramu 20 tumbo likiwa tupu. Kichwa kinazunguka, jasho jembamba linatoka, na unaweza kutapika. Kula tende, kunywa uji, kaswali magharibi, kula futari kidogo, ndipo upige pafu moja, siyo tano. Kwa likwidi ya miligramu 3 hilo halikunisumbua kiasi hicho, na ni moja ya mambo ambayo kifaa kikubwa kina unafuu.

Mapungufu ya podi yapo na nayaishi kila siku. La kwanza ni kuvuja. Likwidi ya podi kwa kawaida ni nusu kwa nusu, propilini glaikoli na gliserini, kwa hiyo ni nyepesi kuliko ile ya matangi makubwa ambayo gliserini yake inafika asilimia 70. Joto letu linaifanya iwe nyepesi zaidi, na hewa iliyomo ndani ya podi inatanuka na kuisukuma nje. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana utaikuta inaogelea. Dawa yake ni kuiweka kivulini, imesimama, na kutoiacha nusu tupu juani, kwa sababu hewa ikiwa nyingi ndani ndivyo inavyosukuma zaidi. Kila siku mbili tatu naitoa podi na kufuta unyevu chini yake kwa kitambaa kikavu. Ukiacha, umeme haugusi vizuri na taa inapepesa.

La pili ni betri kutotoka. Ile ya ndani ikichoka, na itachoka, kifaa kizima kinakwenda na maji. Kwenye kisanduku kikubwa unabadilisha betri tu na maisha yanaendelea. La tatu ni kwamba watengenezaji wanabadilisha matoleo haraka, unakuja kuulizia podi za kifaa chako unaambiwa hazitoki tena. Kwa hiyo ukipata kifaa kinachokukaa, agiza podi za akiba za kutosha siku hiyo hiyo. Na ladha, nimeshasema, haifikii ile ya kifaa kikubwa. Fleva nzito zenye sukari nyingi ndizo zinazoharibu koili mapema zaidi, maana kile kitamu kinaganda kwenye waya na kuwa cheusi. Mimi nimehamia kwenye minti isiyo na utamu mwingi, na podi moja inanipeleka karibu wiki mbili kabla ladha haijafifia.

Zile za kutumia na kutupa sizipendekezi hata kidogo. Ndani yake mna betri ya lithiamu nzima, inatupwa na plastiki yake, na ufukwe wa Shangani una takataka za kutosha.

Nani abaki na kifaa kikubwa? Mtu mwenye likwidi ya uhakika, umeme wa uhakika, anayekaa nyumbani sehemu kubwa ya siku, na ambaye tayari ameshuka kwenye miligramu 3 bila kuhangaika. Huyo atafurahi. Ila betri zake azitunze kwenye kasha la plastiki. Betri ya 18650 ikichanganyika mfukoni na funguo au sarafu inaweza kupiga shoti na kuwaka moto, na ganda lake la nje likichanika isitumike tena. Na kama hujawahi kuvuta sigara, hakuna kifaa ninachokupendekezea hapa, kikubwa wala kidogo. Nikotini inashika mtu vilevile ikija kwa mvuke, na mvuke wenyewe hauna usalama wa hewa safi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yanaonyesha kwamba vepu zenye nikotini zinawasaidia wavutaji wengi zaidi kuacha sigara kuliko plasta na bigijii za nikotini. Hilo linawahusu wavutaji, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilichobaki kwangu ni kushuka. Ningependa miligramu 10, lakini wanaoniuzia wanaleta 20 na zile zisizo na nikotini kabisa, katikati hakuna. Kwa hiyo nachanganya mwenyewe: mililita 10 za ile ya 20, mililita 10 za ile ya sifuri, fleva moja na uwiano ule ule wa nusu kwa nusu, kwenye chupa yenye alama za vipimo, na naandika juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika ni kali kiasi gani. Glavu navaa, kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi, na chupa zote zinakaa juu ya kabati ambako mkono wa mtoto haufiki. Wiki ya kwanza nilivuta mara nyingi zaidi kufidia, ikaja kutulia. Chupa ninayotumia sasa imeandikwa 10, na nyuma yake nimeshaandaa ya 7.