Uzoefu wangu: geji ya vakyumu na mipira ya Corolla AE100

Geji ya vakyumu, yaani ya kupima nguvu ya mvuto wa hewa ndani ya injini, niliyonunua Kariakoo ni ya kawaida kabisa: uso wa mviringo wenye vipimo vya inchi za zebaki (kizio cha mvuto huo) kuanzia 0 hadi 30, mpira mfupi, kiungo cha njia tatu cha plastiki na vichwa vichache vya kupachikia. Bei yake haikufikia ya plagi nne mpya. Niliinunua kwa sababu Corolla yangu yenye injini ya 5A-FE ilikuwa ikipanda na kushuka sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kila ikishapata moto, na mafundi walishanishauri nibadilishe plagi, kisha pampu ya mafuta, bila kugusa hata mpira mmoja kati ya ile midogo inayotoka kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda).

Kasoro kubwa ya geji hii ni rangi zilizochorwa usoni. Sehemu ya kijani, inayodaiwa kuonyesha injini nzima, iko kati ya 17 na 22, na hilo ni sahihi kwa gari lililoko Dar es Salaam au Tanga. Mimi naishi Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 za mwinuko usomaji hupungua kwa karibu inchi 1; kwa hiyo huku injini isiyo na tatizo lolote husoma kati ya 12 na 16, na anayefuata rangi atafungua injini yake bure. Yangu ilikuwa ikicheza kati ya 9 na 11, jambo ambalo hata kwa Mbeya ni dalili ya kuvuja.

Kutafuta mpira unaovuja ni kazi ya subira. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990, kama hili langu, yana stika chini ya boneti inayoonyesha njia za mipira, lakini boneti ikishapigwa rangi upya stika hupotea, na hapo huna budi kuanzia kwenye manifodi na kuufuata kila mpira hadi mwisho wake: mnene unaokwenda kwenye busta ya breki (inayolainisha pedali), mwembamba wa sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa ya manifodi) iliyofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, wa regyuleta ya mafuta (inayodhibiti presha ya petroli), na ule wa mvuke wa petroli. Niliiacha injini ikiunguruma, nikawa naubana mpira mmoja mmoja karibu na manifodi kwa koleo nililolizungushia kitambaa, kwani mpira mkavu ukibanwa na meno ya chuma hupasuka hapo hapo. Nilipobana wa regyuleta, mshale uliruka hadi 15 na kutulia. Ufa ulikuwa upande wa chini, pale mpira unapokunjwa, na ulifumbuka pale tu mpira ulipokuwa wa moto. Ukichomoa mpira huo na kukuta petroli ndani yake, basi kiwambo cha regyuleta nacho kimetoboka.

Kiungo cha plastiki kinachokuja na geji sikipendekezi, kwani changu kilikuwa kinavuja chenyewe. Kipime kwanza kwa kukipachika kwenye geji, kuziba tundu moja, kuvuta hewa kwa mdomo kwenye lingine na kuliziba kwa ulimi, uone kama mshale unabaki ulipo. Mimi nilinunua cha shaba.

Muuzaji huyohuyo alikuwa na mipira ya silikoni ya rangi za kuvutia, akisema inafaa kila mahali. Kwenye sensa ya MAP na regyuleta inavumilia joto kuliko ile ya asili, ila isiwekwe kwenye njia ya mvuke wa petroli wala ya hewa yenye oili inayotoka kwenye kava la tapeti (mfuniko wa juu ya injini), kwa kuwa silikoni hulainika na kuvimba ikikutana na vitu hivyo. Kwa busta ya breki, nunua mpira mnene wenye nyuzi ndani, kwa sababu mwembamba hunywea injini inapovuta na pedali inakuwa ngumu.