Jagi la Kuchujia Maji Lenye Mkaa wa Vifuu na Mifupa: Linafaa kwa Risasi, Halifai kwa Arseniki

Mbele ya kasha la jagi hili pameandikwa kwa herufi nene kwamba linaondoa metali nzito kwenye maji, arseniki ikiwemo, hadi asilimia 99, tena kwa kutumia mabaki ya asili pekee. Nimelitumia mpaka katriji (kichujio cha ndani kinachobadilishwa) ya kwanza ikafika mwisho wake na ya pili ikaingizwa, nami naona kwamba chombo chenyewe ni bora kuliko maneno yanayotumika kukiuza, kwa kuwa kilichomo ndani ya katriji kinazimudu baadhi ya metali, ilhali kasha linaziahidi zote.

Katriji ina matabaka matatu. La juu ni mkaa amilifu wa vifuu vya nazi, ambao vitundu vyake ni vidogo na vingi mno, hata gramu moja inaweza kuwa na uso unaozidi mita 1,000 za mraba. Tabaka hili ndilo linaloondoa harufu ya klorini, na tofauti ya ladha huonekana mara tu katriji ikishalowekwa na maji meusi ya mwanzo kumwagwa. Hata hivyo, mkaa wa vifuu usioongezewa kitu kingine hunasa klorini na kemikali za kikaboni vizuri zaidi kuliko unavyonasa metali zilizoyeyuka, na risasi, ile metali yenye sumu, haina ladha wala harufu ya kumwonya mnywaji.

Kazi ya metali hasa inafanywa na tabaka la kati, ambalo ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hapa mtengenezaji anastahili pongezi. Mfupa unapochomwa kwa hewa kidogo, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni madini ya fosfati ya kalsiamu, na kaboni huwa ni kidogo tu. Risasi iliyoyeyuka inapopita humo huchukua nafasi ya kalsiamu na kuwa fosfati ya risasi, ambayo ni vigumu sana kuyeyuka tena katika maji ya kawaida, kwa hiyo haikunata juu ya uso tu bali imegeuka kuwa sehemu ya madini yenyewe. Mkaa wa aina hii una historia ndefu: viwanda vya sukari vya karne ya 19 viliutumia kung'arisha sukari, na hadi leo hutumika kupunguza floridi katika maji ya kunywa. Ingefaa lakini kasha liseme waziwazi kwamba mifupa ni ya ng'ombe, badala ya kuliacha jambo hilo katika kurasa za ndani za kijitabu, kwa sababu wako watu ambao dini yao au msimamo wao kuhusu mazao ya wanyama hauwaruhusu kuyapitisha maji yao humo.

Tabaka la chini ni chembe za kitosani, inayopatikana kwa kuchemsha maganda ya kamba na kaa katika kostiki soda, nayo ina uwezo wa kunasa shaba na zebaki. Udhaifu wake ni kwamba huyeyuka katika maji yenye asidi endapo minyororo ya molekuli zake haikufungamanishwa kwanza, na kama hilo lilifanyika kijitabu hakisemi. Badala yake kinajivunia utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Brazil mwaka 2011 kuhusu maganda ya ndizi na maji ya mto. Utafiti huo ni wa kweli na unavutia, ila ndani ya katriji hamna hata chembe ya ganda la ndizi.

Sasa turudi kwenye asilimia 99. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya elfu ya miligramu). Maji yenye mikrogramu 1,000 yakipunguzwa kwa asilimia 99 yatabaki na 10, lakini yenye 5,000 yatabaki na 50, yaani mara tano ya mwongozo, na asilimia haikubadilika. Isitoshe, majaribio mengi ya mabaki ya asili hufanywa kwa maji yaliyotoneshwa yenye metali moja tu, wakati maji ya bomba yana kalsiamu na magnesiamu nyingi zinazogombania nafasi zilezile, na maji yakiwa na asidi, ioni za haidrojeni nazo huingia katika ugomvi huo. Kipimo cha haki kipo: kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 53 huanza na maji yenye mikrogramu 150 za risasi kwa lita, katika pH (kipimo cha uasidi) ya 6.5 na ya 8.5, na kwa sasa kinataka zisizidi 5 baada ya kuchujwa. Kasha hili linasema tu kwamba bidhaa "imepimwa maabara", bila kutaja kiwango chochote.

Dai la arseniki ndilo lisilokubalika kabisa. Katika maji, arseniki huwa ama na chaji hasi ama bila chaji yoyote, kinyume cha risasi na shaba, na kwa kawaida huhitaji kitu chenye oksidi za chuma ili inaswe vizuri. Kwa orodha ya vitu iliyoandikwa kwenye kasha, sioni kitakachoishika kwa kiasi cha kutegemewa. Mtu ambaye kisima chake kimepimwa na kukutwa na arseniki asilitegemee jagi hili.

Pamoja na jagi huja zawadi ya kalamu ya kupimia chumvi zilizoyeyuka, eti mtumiaji ajue katriji imechoka lini. Kalamu hiyo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kuonyesha jibu kwa miligramu, hivyo mikrogramu 10 za risasi haziwezi kuonekana ndani yake. Kupungua kwa kasi ya maji nako si dalili ya kutegemewa, kwa kuwa aghalabu husababishwa na vumbi na hewa. Njia ya uhakika ni kupeleka maabara sampuli mbili, ya kabla na ya baada ya kuchuja, na kubadilisha katriji kabla ya lita zilizotajwa na mtengenezaji kutimia. Wenye kuchemsha maji kwa ajili ya vijidudu wayachuje kwanza, kwani jiko haliondoi risasi, na maji yanavyopungua sufuriani ndivyo risasi inavyozidi kukolea.

Ushauri wa kijitabu wa kumwaga mkaa uliotumika kwenye vyungu vya maua, kwa hoja kwamba ni kitu cha asili, upuuzwe. Metali zote zilizonaswa bado zimo humo, kwa hiyo katriji iliyokwisha ifungwe na kupelekwa inakokusanywa betri na taka nyingine zenye sumu.