Uzoefu wangu: uzamili wa usalama wa anga, nikisomea Goma

Mwezi wa sita 2025 nilimaliza shahada ya uzamili ya usalama wa usafiri wa anga. Niliisoma kwa mtandao, katika chuo kimoja cha Ulaya ambacho sitakitaja jina, tangu Septemba 2022, na siku zote hizo nilikuwa hapa Goma. Miezi mitano ya mwisho nilisoma habari za ndege katika mji usio na ndege: uwanja wetu ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na kazi yangu ya kaunta ikaisha siku zilezile. Wadogo zangu kadhaa wa hapa na wa Bukavu wameniuliza kama masomo haya yanastahili minervali yake, yaani ada ya chuo. Nawajibu kwa kirefu, kwa sababu mimi nilipokuwa na swali hilo sikupata wa kumuuliza.

Yanastahili. Lakini kwangu yanastahili kwa jambo moja tu, na jambo hilo halimo kwenye tangazo la chuo.

Nilifanya kazi uwanjani miaka tisa, katika kampuni ndogo. Nilipima mizigo, nikaandika manifesti (orodha ya abiria na mizigo), nikampelekea rubani karatasi. Siku moja ya 2021 mzigo wa mama mmoja mfanyabiashara ulisoma kilo 38 kwenye mizani. Shef akasimama nyuma yangu akasema, «Andika ishirini, tumechelewa.» Nikaandika ishirini. Wa pili akafuata, na wa tatu. Ndege iliruka, ikafika, abiria wakashuka na vifurushi vyao. Mimi usiku ule sikulala. Kesho yake niliandika tena, na usiku wa pili nililala vizuri. Hilo la kulala vizuri ndilo lililonitisha kuliko lile la kwanza.

Katika moduli ya tatu nilikuta jambo langu lina jina: kuzoea kasoro hadi ionekane kawaida. Chombo cha anga cha Challenger kililipuka tarehe 28 Januari 1986, na mwanasosholojia Diane Vaughan alipochunguza jinsi watu walivyofikia kukirusha, alionyesha kwamba hawakuwa wahuni waliovunja sheria makusudi. Kasoro ilikuwa imejitokeza kwenye safari za nyuma, chombo kikarudi salama, na kila kiliporudi salama kasoro ile ilionekana ya kawaida zaidi. Nilisoma ukurasa huo nikafunga kompyuta, nikaenda kusimama uani. Nilikuwa nimesomewa kilo zangu 38.

Sasa niseme masomo yenyewe yakoje. Ukiona «usimamizi wa usafiri wa anga» na ukaona «usalama wa anga», usidhani ni kitu kimoja. Usimamizi unakufundisha fedha za mashirika, ratiba, kukodi ndege, bei za tiketi, mikataba ya viwanja. Usalama unakufundisha tabia ya binadamu kazini, uchunguzi wa ajali, na mfumo wa kugundua hatari kabla haijaua. Mfumo huo una waraka wake, Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho ni kipya kuliko watu wanavyofikiri: kilianza kutumika Novemba 2013. Na zote mbili, usimamizi na usalama, hazikupi leseni. Hutakuwa fundi wa ndege, wala mwongoza ndege, wala rubani. Nimekutana na kijana aliyeuza kiwanja cha baba yake akiamini atatoka na leseni. Uliza swali hilo kabla hujatuma hata dola moja.

Kuingia kulinichukua miezi saba. Mtihani wa Kiingereza niliufanyia Kigali. Tatizo kubwa likawa diploma yangu: sisi wa mfumo wa zamani tuna graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake, na yule wa ofisi ya kuandikisha aliposoma neno licence alifikiri ni kibali cha kazi. Niliandika barua ya kurasa mbili kueleza miaka yangu mitano, nikaambatisha alama za kila mwaka. Fanyeni hivyo tangu mwanzo. Na mkimaliza, kama mnataka cheti kitambulike serikalini, kuna faili ya ulinganifu wa diploma ya kupeleka Kinshasa, kwenye wizara ya elimu ya juu. Yangu bado iko njiani.

Minervali nzima ilikuwa dola 9,600, kwa awamu nane. Nilitegemea mshahara, kikundi cha akina mama wa mtaa wa Katindo tunachochangiana kila mwezi, na kaka yangu wa Lubumbashi. Kutuma fedha kulinitesa kuliko masomo. Mara mbili benki ya katikati, ile inayopitisha fedha hadi chuoni, ilirudisha fedha kwa sababu inatoka Kongo, na chuo kikanitoza faini ya kuchelewa. Mwaka 2025 benki za Goma zilipofungwa, awamu ya mwisho niliivusha mkononi, nikapita mpaka wa Petite Barrière hadi Gisenyi, Rwanda, ambako shemeji yangu ana akaunti. Jumlisheni pia mega za intaneti. Video za chuo zilikuwa nzito, na kwa mwaka wa kwanza hapakuwa na njia ya kuzipakua. Nilikuwa nikilipia mega za usiku, naamka saa nane nasoma hadi saa kumi na moja.

Kosa kubwa la chuo lilikuwa mtihani wa moduli ya tano. Ulifanywa nyumbani, kamera ikikuangalia. Dakika ya arobaini umeme ukakatika mtaani, intaneti ikaondoka nao, mfumo ukafunga, nikapewa sifuri kama mtu aliyetoroka. Moduli yenyewe ilikuwa ya uchunguzi wa ajali! Kiambatisho cha 13 cha mkataba uleule wa Chicago kinasema wazi kwamba lengo pekee la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Nikawaandikia kwa maneno ya somo lao: mmemwadhibu mtu wa mwisho aliyekuwa kwenye kiti, hamkuangalia mfumo uliomweka hapo. Barua tatu, wiki sita. Mwishowe walikubali nirudie, na mwaka uliofuata wakaweka muda wa akiba kwa wanaokatikiwa na umeme. Hilo nawapongeza kwa moyo wote.

Mifano yao ilitoka Ulaya na Marekani, kwenye mashirika ambamo kila safari inachambuliwa na kompyuta. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaanza kutia Goma ndani ya kazi zangu bila kuomba ruhusa. Mwalimu mmoja alielewa, akaniambia niendelee. Nikachora uwanja wetu. Uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Kaskazini kuna Nyiragongo, ambayo Januari 2002 ilimwaga lava juu ya pisti (njia ya kurukia ndege) na kula karibu kilomita moja yake. Kusini kuna Birere, nyumba na maduka yamebanana hadi ukutani. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti ikaingia sokoni. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapita. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya kwenda Beni iliangukia mtaa wa Mapendo dakika moja hivi baada ya kuruka, na wote 19 waliokuwamo wakafa, pamoja na watu waliokuwa majumbani mwao. Siku ile nilikuwa kazini. Sitaandika zaidi juu yake.

Mtaani kwetu ajali ikitokea kuna maneno mawili: rubani, au Mungu. Nimeyasema mwenyewe msibani. Uzamili huu ulinipa neno la tatu: mfumo. Walimu wanalieleza kwa vipande vya jibini vyenye matundu, mfano wa James Reason, lakini jibini letu la Masisi halina matundu ya namna ile, na nilipojaribu kuwaeleza wenzangu wa uwanjani waliniangalia tu. Nikachukua chandarua kikuukuu, nikakikunja mara tatu. Kila tabaka lina tundu lake, na mbu hapiti mpaka matundu yote yakutane mahali pamoja. Hapo wakaanza kuyataja wenyewe: mizani iliyoharibika, mvua, shef mwenye haraka, ukuta ulio karibu, uchovu. Hawakuhitaji kufundishwa zaidi. Walikuwa wanayajua yote miaka mingi, hawajawahi kuulizwa.

Tasnifu yangu ilitoka hapo. Nilitaka kujua kwa nini watu wa chini uwanjani wanaona hatari na hawasemi. Tulisoma ajali ya ndege ya Portland, Marekani, ya 28 Desemba 1978: rubani mkuu ameshughulika na magurudumu ya kutua, mafuta yanaisha, wenzake wanalijua hilo na wanalitaja, lakini kwa upole mno, kama mtu anayemsemesha mkubwa. Ndege iliishiwa mafuta, watu 10 wakafa. Nilisoma nikasikia kabisa sauti za kwetu: «Samahani, shef, labda tuangalie…» Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa maneno, na ni malezi mazuri mezani na ukoo ukikutana. Kwenye pisti yanaua.

Nilihoji wapakiaji mizigo 14. Mmoja wao, mzee ninayemwita Papa tu, alifanya kazi uwanjani tangu kabla ya lava ya 2002. Swali langu lilikuwa kama amewahi kutoa taarifa ya hatari. Akanijibu, «Mwanangu, nikisema ndege imezidi uzito, kesho nani atanipa kazi?» Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la rangi, lile la lita nne, lina vitu chini yake. Makoro. Vijiwe vyeusi vya lava, vyepesi, vyenye ncha kama chupa iliyovunjika, vingine vidogo kama punje ya mahindi, kimoja kikubwa kama yai. Kila kimoja alikiokota kwa mkono wake pale ndege zinapogeukia, akakitia mfukoni. Hakumwambia mtu. Hakuvitupa pia.

Nilivimwaga kwenye mkeka, nikahesabu 31. Wakati ule nilikuwa nimetoka kusoma ajali ya Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, Paris, 25 Julai 2000. Kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita kama 43, kilichoanguka kutoka ndege nyingine, kilipasua tairi, tairi likapiga tangi la mafuta, na watu 113 wakafa. Nilimsimulia Papa. Alikaa kimya muda mrefu, akarudisha makoro kwenye kopo moja moja.

Hilo ndilo jambo moja nililolitaja mwanzoni. Nilichonunua kwa dola zangu ni kujua kwamba kopo lile ni taarifa. Nchi ambazo tunazisifu kwa usalama zina watu walewale wenye woga, ila zimejenga mahali pa kumwaga kopo bila mtu kupoteza kazi. Mashirika ya ndege ya Kongo yamo kwenye orodha ya kukatazwa Ulaya tangu 2006, na kila mkutano utasikia habari za ndege mpya. Sijasikia mkutano ulioanza na Papa na kopo lake.

Kwa anayetaka kuanza: tafuteni chuo kinachokubali video zipakuliwe, kinachoweka mitihani ya maandishi badala ya kamera, na kinachokuruhusu kuandika tasnifu juu ya uwanja wako. Anayesoma vizuri kwa Kifaransa asikimbilie Kiingereza, programu za Kifaransa zipo. Na kama hujawahi kufanya kazi uwanjani, ningekushauri ufanye kwanza walau mwaka mmoja, hata wa kubeba mizigo. Wenzangu wa darasani waliotoka moja kwa moja chuoni walikuwa na alama nzuri kuniliko, lakini walipoandika juu ya woga wa kusema walikuwa wanakisia.

Kazi ya cheo kipya sijapata. Uwanja ulipofungwa nilibaki na diploma na muda. Julai nilimkuta Papa Birere, anauza unga wa mahindi kwa kipimo. Nikamwambia tasnifu imepita, nikatoa simu, nikamsomea ukurasa unaomhusu, nautafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Akasikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kipimo chake.

«Siyo 31,» akasema. «Ni 32. Moja lilikuwa limechomeka ndani ya tairi la ndege ya Bunia, nililitoa kwa bisibisi abiria wakiwa wanapanda. Lile sikukuonyesha.»

Nikamuuliza kwa nini.

«Siku ile ulikuwa na kalamu.»

Nikamwomba ruhusa, nikatoa daftari, na yeye akanisubiri niandike tarehe.