Mwalimu kamgusa mtoto vibaya: uanzie TSC au polisi?

Hapa Moshi wazazi wengi wakisikia kitu cha hivyo wanakimbilia kwa hedimasta, sawa, ila jueni kuna njia mbili na hazifanani kabisa.

TSC, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, ilianzishwa kwa sheria ya 2015 na kazi yake hapa ni nidhamu, inaweza kumshusha cheo mwalimu au kumfukuza kazi, lakini kumfunga haiwezi. Halafu inahusika na walimu wa serikali tu, kwahiyo kama mwanao yuko praiveti, au aliyefanya ni mlinzi, mpishi au dereva wa skulibasi, huko hupati kitu.

Polisi ni habari nyingine. Unaenda dawati la jinsia na watoto, unapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mtoto anapimwa hospitali, na msimwogeshe wala kufua nguo kabla jamani, hapo ndo kesi nyingi zinafia! Kumbaka aliye chini ya miaka 18 hata akisema alikubali ni kosa, kifungo kuanzia miaka 30, na haijalishi ni mwalimu au mfagizi. Ukiogopa kwenda piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mimi ningeanza polisi, TSC baadaye, maana ukianza na vikao vya shule utasikia "tuyamalize kifamilia" mara mbuzi, mara mbege (pombe ya ndizi) ya kuwapatanisha, na ushahidi ushapotea.