Kifurushi cha intaneti "bila kikomo": kikomo kipo, kimehamishiwa kwenye kasi

Nimetumia kifurushi cha mwezi cha intaneti kinachotangazwa kuwa hakina kikomo kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayetaka kukinunua kwa sababu zile zile zilizonifanya mimi nikinunue: kazi inayotegemea intaneti kila siku, faili za kutuma na kupokea, mikutano ya video, na kuchoshwa na bando linalokwisha katikati ya shughuli. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ninayoyaeleza hapa ni mpangilio wa biashara ambao kampuni nyingi za simu zinautumia, na mnunuzi anatakiwa kuutambua popote atakapokutana nao.

Tangazo lilikuwa na maneno mawili makubwa, "bila kikomo", na chini yake, kwa herufi ndogo, sentensi ile tuliyoizoea: vigezo na masharti kuzingatiwa. Niliyasoma masharti hayo kabla ya kulipia. Yalisema kwamba kampuni inaweza kusimamia kasi ya mteja kwa mujibu wa sera ya matumizi ya haki. Sera yenyewe ilikuwa kwenye ukurasa mwingine, na huko ndiko ilikotajwa kwamba kasi kamili ni kwa GB 20 za kwanza za mwezi. Kuhusu kasi itakayobaki baada ya hapo, sera iliandika tu kwamba "itapunguzwa". Namba muhimu kuliko zote, ambayo ndiyo inayoamua kama intaneti hiyo itafaa kwa kazi yoyote, haikuwepo mahali popote ambapo mnunuzi angeweza kuiona kabla ya kutoa pesa.

Sehemu ya mwanzo ya mwezi huduma ilikuwa nzuri, na sina sababu ya kuificha sifa hiyo. Mikutano ya video ilikwenda bila kuganda, mafaili makubwa yalipanda na kushuka kwa dakika chache. Kisha ukaja ujumbe: "Ndugu mteja, umefikia kiwango cha matumizi ya haki. Utaendelea kufurahia intaneti bila kikomo kwa kasi iliyopunguzwa."

Kasi hiyo iliyopunguzwa niliipima mwenyewe, na ilikuwa karibu na kilobiti 128 kwa sekunde. Kwa mtu asiyeshughulika na vipimo vya mtandao namba hiyo haisemi lolote, kwa hiyo ni vizuri kuifungua. Baiti moja ina biti 8, hivyo kilobiti 128 ni kilobaiti 16 tu kwa kila sekunde. Picha moja ya simu yenye ukubwa wa megabaiti 3 inachukua zaidi ya dakika tatu kushuka, tena kama hakuna programu nyingine inayogombania njia hiyo hiyo. Ujumbe wa maandishi unapita. Kuongea kwa sauti kupitia intaneti kunawezekana, ingawa kwa kukatikakatika. Video inabaki na kile kiduara kinachozunguka, na ramani inafunguka vipande vipande, barabara kwanza, majina baadaye sana.

Hata hivyo burudani si mahali ilipo hasara kubwa. Tovuti za benki na mifumo ya maombi imewekewa muda, kwa sababu za usalama, na muda huo umepangwa kwa mtu mwenye intaneti ya kawaida. Nilikuwa najaza fomu ya maombi yenye kiambatisho cha megabaiti 5, ambacho kwa kasi hiyo kinahitaji zaidi ya dakika tano kupanda. Mstari wa kuonyesha maendeleo ulipita nusu, kisha ukurasa ukaandika kwamba muda wangu umekwisha na niingie upya. Nilipoomba kuingia upya, namba ya uthibitisho ilifika kwa SMS mara moja, maana SMS haitegemei data, lakini ikaisha muda wake kabla ukurasa wa kuiandikia haujafunguka. Nilipofanikiwa hatimaye kuingia, fomu ilikuwa tupu. Mtu aliye katika hali hiyo hana intaneti kwa maana yoyote inayomsaidia, hata kama alama za mtandao juu ya kioo cha simu zimejaa.

Kinachonisikitisha zaidi kwenye mpangilio huu ni kwamba kikomo cha kasi ni kikomo cha kiasi pia, na hesabu yake ni ya kawaida kabisa. Simu ikipakua mfululizo kwa kilobaiti 16 kila sekunde, usiku na mchana, bila kupumzika hata kidogo, italeta takriban GB 1.4 kwa saa 24. Kwa siku 30 ni takriban GB 41. Ukizijumlisha na zile GB 20 za kasi kamili, kifurushi changu hakiwezi kufika hata GB 62 kwa mwezi, hata kama nisingelala. Hiyo ndiyo dari yake, na kampuni inaijua, kwa sababu ndiyo iliyoiweka. Kama ingeandika kwenye tangazo kwamba inauza GB 20 za kasi kamili, na baada ya hapo njia nyembamba ya ujumbe na barua pepe, ningeweza kulinganisha bei na vifurushi vingine vya GB 20 na kuamua kwa haki. Tangazo la aina hii linamnyima mnunuzi ulinganisho huo, na hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe lilipo.

Najua upande wa pili wa suala hili na ninauheshimu. Mawimbi ya redio yanayobeba data ni rasilimali yenye mpaka, na watu wote walio chini ya mnara mmoja wanagawana uwezo wake. Mtu mmoja akipakua video za ubora wa juu mchana kutwa, jirani zake wanaumia. Ipo njia ya kulishughulikia tatizo hilo ambayo ninaiona ni ya haki: mteja aliyetumia sana anarudishwa nyuma ya foleni pale tu mnara unapoelemewa, na watu wakipungua anarudi kwenye kasi yake ya kawaida. Baadhi ya kampuni zinafanya hivyo. Kifurushi changu hakifanyi hivyo. Nilipima alfajiri, saa ambayo watu wengi wamelala, nikakuta kilobiti zile zile 128. Nikapima jioni, nikakuta zile zile. Laini nyingine ya kampuni hiyo hiyo, yenye bando la kawaida, niliyoiweka kwenye simu hiyo hiyo mahali pale pale, ilipata kasi iliyoizidi hiyo mara nyingi. Mnara haukuwa umeelemewa. Kasi yangu ilikuwa imefungwa kwa makusudi mpaka tarehe ya kulipia tena, kwa hiyo maelezo ya kuwalinda wateja wengine hayakuwa na nafasi hapo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo athari yake ni kubwa. Mwenye bando la kawaida akipiga menyu ya salio anaambiwa zimebaki GB ngapi, na anajipanga. Mimi nikipiga menyu hiyo ninajibiwa "Bila kikomo". Zile GB 20 zinahesabiwa na kampuni, lakini mteja haonyeshwi hesabu hiyo. Wakati huo simu inaendelea na mambo yake kimyakimya: inasasisha programu, inapeleka nakala za picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, inachezesha video zinazojianzisha zenyewe unapopitisha kidole. Saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3. Jina la kifurushi linamwambia mteja asihesabu, halafu anaadhibiwa kwa kutohesabu. Dawa niliyoipata ni kaunta ya matumizi ya data iliyomo kwenye mipangilio ya simu yenyewe, ambayo niliiwekea tarehe ya kuanza inayolingana na ya kifurushi, pamoja na onyo la kunishtua ninapokaribia kiwango.

Mipaka mingine niliigundua katika matumizi. Video ilikuwa imeshushwa ubora hadi mistari 480 tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kuzigusa GB 20, na kwenye kioo kidogo mtu anaweza asilione hilo, ila maandishi ya darasa la mtandaoni yanakuwa na ukungu. Kuigawia kompyuta intaneti kutoka kwenye simu nako kulikuwa na kiwango chake cha pembeni, kidogo zaidi, ambacho kikiisha kompyuta inakosa intaneti huku simu ikiendelea. Mtu anayenunua kifurushi kwa ajili ya kazi ya kompyuta akiulizie kiwango hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Huduma kwa wateja walipokea simu yangu kwa adabu, na sina ugomvi na mhudumu aliyeongea nami, kwa kuwa sera hakuiandika yeye. Aliniomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, akaniambia nizime simu na kuiwasha. Nilipomweleza kwamba nimefikia kiwango cha matumizi ya haki na ninachohitaji ni kujua kasi yangu ya sasa kwa namba, alisema namba hiyo haipo kwenye mfumo wake. Kisha akanishauri ninunue bando la nyongeza ili kasi irudi. Nilirudia maneno yake ili nihakikishe nimemsikia sawasawa: aliyenunua intaneti isiyo na kikomo anauziwa nyongeza. Alisema ndiyo, ndivyo mfumo ulivyo.

Mpangilio huu umeshafikishwa mahakamani. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T iliacha mwaka 2010 kuwauzia wateja wapya mpango wake wa data usio na kikomo, lakini ikawaachia waliokuwa nao waendelee; kuanzia mwaka 2011 ikaanza kuwapunguzia kasi, wengine baada ya kutumia GB 2 tu kwa mwezi. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliishtaki Oktoba 2014, ikieleza kwamba zaidi ya wateja milioni 3.5 walikuwa wameathirika. Shauri lilichukua miaka, kwa sehemu kwa sababu kampuni ilipinga kwamba tume ina mamlaka juu yake, na Novemba 2019 lilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 60. Sehemu ya makubaliano hayo inayonigusa zaidi ni ile inayoizuia kampuni kutangaza kasi au kiasi cha data bila kuonyesha vizuizi vyake waziwazi, na kuvificha kwenye maandishi madogo au nyuma ya viungo vya kurasa nyingine hakuhesabiwi kuwa ni kuvionyesha. Hicho ndicho ninachokitaka, na hakihitaji teknolojia yoyote mpya.

Anayedhani kwamba haya ni malalamiko ya watazamaji wa video akumbuke yaliyotokea California mwaka 2018. Kikosi cha zimamoto cha kaunti ya Santa Clara kilikuwa kikisaidia kupambana na moto mkubwa wa Mendocino Complex, na gari lake la kuratibu shughuli lilitumia laini ya kampuni ya simu ya Verizon yenye mpango uliouzwa kuwa hauna kikomo. Data ilipovuka kiwango, kasi ilishushwa hadi sehemu moja ya mia mbili ya ile ya awali au chini zaidi, wakati moto ukiendelea kuwaka, na kikosi kikatakiwa kuhamia mpango wa bei ya juu zaidi. Kampuni ilikiri baadaye kwamba ilipaswa kuondoa kizuizi hicho katika dharura. Nikisoma habari hiyo ninaona jibu lile lile nililopewa mimi kwenye simu, isipokuwa waliopewa wao walikuwa wanazima moto.

Kwa anayetaka kujipimia, ushauri wangu ni kupima mara mbili, mwanzoni mwa kifurushi na baada ya ujumbe wa kupunguziwa kasi, na kuhifadhi picha za kioo zenye tarehe na saa. Tumia kipimo cha kawaida cha kasi, kisha fungua Fast.com, ambacho ni cha Netflix, kampuni ya filamu na video za mtandaoni, na kinapima kwa kutumia seva zake zenyewe za video. Ukikuta tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili, kuna uwezekano mkubwa kwamba video imewekewa kizuizi chake peke yake. Ipo pia programu iitwayo Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kwa kazi hiyo hasa ya kubaini kama mtandao unazibagua huduma. Malalamiko yaliyoambatanishwa na vipimo ni magumu kujibiwa kwa kuambiwa uzime simu na kuiwasha. Kabla ya kulipia, uliza mambo manne kwa maandishi na uhifadhi majibu: kasi kamili inaishia GB ngapi, baada ya hapo inabaki kilobiti au megabiti ngapi kwa sekunde, upunguzaji ni wa saa za msongamano tu au wa mwezi mzima, na kompyuta inaruhusiwa kiasi gani.

Mimi nimehamia bando la kawaida la GB 40 ambalo salio lake ninaliona kila ninapotaka, na linapokwisha ninajua limekwisha. Kile cha zamani ninakipa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya kasi nzuri ya GB 20 za mwanzo. Kinamfaa mtu anayeandikiana ujumbe, anayesoma habari na kupiga simu za sauti za hapa na pale, mradi bei yake isizidi ile ya bando la kawaida la ukubwa huo. Mwanafunzi wa masomo ya mtandaoni, mfanyakazi wa nyumbani mwenye mikutano ya video, na mtu yeyote anayetuma nyaraka zenye siku ya mwisho, asikinunue mpaka kampuni iandike kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi zinazolingana na zile za "bila kikomo", kasi itakayobaki baada ya kiwango kuisha.