Cheti cha Jaguar: njia ya kuaminika ya kuitambua injini halisi ya XK140

Kabla ya kukubali bei ya Jaguar XK140 iliyotangazwa kuwa na silinda hedi ya aina ya C (kifuniko cha juu cha injini, cha aina inayoiongezea nguvu), niliagiza cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi ya Uingereza inayotunza historia ya magari haya, na nimeridhika nacho kabisa. Cheti hiki huandikwa kutokana na kumbukumbu za kiwandani, nacho huonyesha namba za chasi, injini, bodi na giaboksi pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Kwa gari hili, lililoundwa kati ya 1954 na 1957, jambo la kutazama kwanza ni herufi S mwishoni mwa namba ya injini, kwa kuwa ndiyo inayoitofautisha injini ya nguvu za farasi 210, yenye hedi hiyo ya C, na ile ya kawaida ya 190. Hata hivyo, cheti hakilikagui gari lenyewe. Hedi hubadilishwa kwa urahisi kuliko bloku (mwili wa injini), kwa hiyo ni lazima namba zilizogongwa kwenye sehemu hizo mbili zilinganishwe na cheti, tena kwa tochi, maana mahali paliposagwa ili namba igongwe upya huwa laini kupita kiasi. Katika gari nililolikagua, namba zote zililingana.