Kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi: uzoefu wangu baada ya kukizungusha nyumba nzima

Niseme mapema, hiki kidude nakipenda na nimeshamshauri karibu kila mtu ninayemsikia akilalamikia bili ya umeme. Ni kipima umeme kidogo, unakichomeka kwenye soketi ya ukutani, halafu kifaa chako unakichomeka juu yake, na kioo kinakuonyesha kifaa kinakula wati ngapi muda huohuo na kimeshakula uniti ngapi tangu ulipokiwasha. Hakuna kuita fundi, hakuna kukata waya, hakuna kupakua programu yoyote. Ukikiwekea bei ya uniti moja kinakupigia na hesabu ya hela kabisa, ingawa mimi hiyo sehemu naiacha, naangalia uniti tu manake bei zinabadilika ila uniti ni uniti.

Kilichonifanya nikitafute ni kwamba bili inakuja na namba moja ya mwisho. Haikwambii friji imekula ngapi, pasi imekula ngapi, kwa hiyo ndani ya nyumba kila mtu anakuwa na mshukiwa wake. Kwetu walioshukiwa siku zote ni taa na chaja za simu. Mtoto akiacha chaja ukutani anasemwa mpaka basi, wakati huo jagi la umeme linajazwa maji mpaka juu kwa ajili ya kikombe kimoja na hakuna anayesema kitu.

Basi nikaanza na hizo chaja. Chaja ikiwa imechomekwa bila simu, kioo kilisoma sifuri. Siyo kwamba haili kabisa, ni kwamba inakula kidogo sana mpaka kipimo cha bei hii hakiioni, chaja nyingi za siku hizi ni chini ya nusu wati. Nikachaji simu kutoka karibu tupu mpaka ikajaa, ikatumia kama wati-saa 20. Uniti moja ni wati-saa 1,000, yaani simu hiyo naijaza mara 50 kwa uniti moja. Nilimwita mama watoto aje aone mwenyewe. Tangu siku hiyo ugomvi wa chaja umeisha, japo kuchomoa kwa ajili ya usalama ni sawa na sisi bado tunachomoa usiku.

Taa nazo hivyohivyo kama umeshahamia LED. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ile ya zamani ya wati 60, kwa hiyo kama bado una zile za kizamani badilisha leo usisubiri ziungue, ila kama zako zote ni LED basi usitegemee bili itashuka kwa kukimbizana na swichi ya koridoni. Mshukiwa hayupo huko.

Yuko kwenye joto. Hili ndilo somo kubwa nililopata: chochote kinachopasha kitu moto ndicho kinachokula, na kinakula kwa kasi ambayo vitu vingine vingi havifikii. Jagi langu likiwashwa namba inaruka mpaka karibu wati 2,000. Kulijaza lote na kulichemsha inaondoka kama robo ya uniti kasoro, wakati maji ya kikombe kimoja ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mimi nilidhani jagi halina shida kwa sababu linafanya kazi dakika chache, na kwa kikombe kimoja kweli halina shida, tatizo ni kuchemsha maji ambayo hakuna atakayeyanywa, yanapoa, baada ya muda anakuja mwingine anayachemsha tena, na hivyo hivyo kutwa nzima. Sasa tunapima maji kwa kikombe kwanza ndo tunamimina kwenye jagi, na yakibaki ya moto yanaingia kwenye chupa ya chai. Haijatugharimu hata senti.

Mashine ya kufulia nayo ilinifungua macho. Programu ya nyuzi 60 na ya nyuzi 30 nimezipima zote kwa mzigo wa nguo unaofanana, ya 30 ilitumia chini ya nusu ya umeme wa ile ya 60. Mota ya kuzungusha nguo haili sana, kinachokula ni heta ya kupasha maji. Nguo za kawaida zinatakata vizuri tu kwa 30, mashuka na taulo ndo naziweka kwenye joto. Na mikrowevu, hapa wengi hawajui, ile namba iliyoandikwa mlangoni kwa mfano 800 ni nguvu inayoingia kwenye chakula, siyo inayotoka ukutani. Yangu imeandikwa 800 ila kipimo kinasoma karibu 1,200. Hata hivyo kupasha sahani moja ni dakika mbili tu kwa hiyo sijaiwekea vikwazo vyovyote.

Haya, friji. Hapa ndipo kifaa kilipojilipa chenyewe. Kwanza ujue friji huwezi kuipima kwa kuchungulia wati mara moja, kompresa inawaka na kuzima, ukichungulia ikiwa imezima utaona namba ndogo ukafurahi bure, na zile zisizoganda barafu zina heta ya kuyeyushia barafu inayowaka kwa muda mfupi, ukiikuta hiyo utashtuka bure vilevile. Dawa yake ni kuiacha kwenye kipimo mchana na usiku, saa 24 kamili au zaidi, halafu usome uniti. Yangu ilisoma 1.9. Kwa friji ya ukubwa ule niliona ni nyingi mno, nikaanza kuikagua. Nikachukua karatasi, nikaifungia mlangoni nusu ndani nusu nje, nikaivuta. Upande wa juu ikabana vizuri. Upande wa chini karibu na bawaba ikatoka yenyewe, haikushikwa na chochote. Nilipoinama na tochi nikaona mpira wa mlango umekakamaa, una mikunjo, na ndani kwenye kona ile kuna unyevu umeganda kama uzi mweupe. Yaani baridi ilikuwa inatoka usiku na mchana na kompresa inafukuzia.

Nikanunua mpira mpya, nikauloweka kwanza kwenye maji ya moto ulainike maana unakuja umekunjwa, nikaubandika, nikasogeza friji mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kwenda, nikafagia na vumbi lililokuwa kwenye zile nyaya za nyuma. Nikapima upya kwa saa zilezile 24, ikasoma 1.4. Nusu uniti kwa siku unaweza kuona ni kitu kidogo, ila friji haina likizo, ukizidisha kwa siku 365 ni zaidi ya uniti 180 kwa mwaka. Mpira ulishajirudisha siku nyingi. Na ubaridi wa ndani nimeuweka nyuzi 4, friza hasi 18, chini ya hapo unalipia baridi isiyoongeza kitu.

Kingine ambacho sikukitarajia ni king'amuzi cha tivi. Ukizima kwa rimoti kataa kadogo kanageuka rangi unaamini kimelala, kumbe changu kilikuwa kinakula wati 11 kikiwa kimezimwa, kikiwashwa kinakula 13. Tofauti ya wati mbili tu aisee! Wati 11 usiku na mchana ni karibu uniti 8 kwa mwezi, na hiyo hata usipokiangalia kabisa. Tivi yenyewe haikuwa na shida, ikizimwa inashuka mpaka chini ya wati moja, na vifaa vingi vipya viko hivyo maana Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka vifaa vingi vya nyumbani vikizimwa kwa rimoti visizidi nusu wati, na watengenezaji wengi hawatengenezi cha huku na cha kule tofauti. Vya zamani na vya kupokea matangazo ndo vya kuviangalia. Sasa king'amuzi, spika na deki vyote viko kwenye ekstensheni moja yenye swichi, tukienda kulala tunabonyeza mara moja tu. Waifai nimeiacha iwake, inakula kama 8 lakini watu wanaihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nataka kila mtu alisikie. Vile visanduku vinavyouzwa kwa jina la kuokoa umeme, unachomeka popote ukutani halafu eti bili inashuka kwa asilimia kadhaa. Jirani yangu alikuwa nacho, akaja nacho kwangu tukipime. Tukaweka ekstensheni juu ya kipimo, tukachomeka friji, tukasubiri kompresa iwake, tukaandika namba. Kisha tukachomeka na kile kisanduku pembeni yake kwenye ekstensheni hiyohiyo. Ampea zikashuka kweli, jirani akasema "si unaona!", nikamwambia ngoja ubonyeze hapa uone wati. Wati hazikushuka hata moja, ziliongezeka kidogo kwa sababu kisanduku chenyewe kina taa ndani. Mle ndani kuna kapasita, inarekebisha kitu kinachoitwa pawa fakta, yaani sehemu ya ampea inayofanya kazi kweli, na hicho kinawahusu wenye viwanda na mota kubwa wanaotozwa kwa hesabu nyingine. Mita ya nyumbani inahesabu uniti, yaani wati kwa muda, na hizo kapasita haizigusi. Hivi vitu vinanunuliwa na watu ambao bili zimeshawaelemea tayari, inaniuma sana. Ukishauriwa na muuzaji yeyote kuhusu hiki kisanduku mwombe akipime mbele yako, na aonyeshe wati siyo ampea.

Mapungufu ya kipimo changu yapo. Kioo hakina taa, na soketi nyingi ziko chini nyuma ya makabati, kwa hiyo kusoma ni kupiga magoti na tochi, mimi natumia ekstensheni fupi nikilete mbele. Vitufe ni vidogo na maelekezo yake yameandikwa ovyo. Betri ya ndani ikiisha kumbukumbu inafutika umeme ukikatika, hii inaudhi hasa ukiwa katikati ya kupima friji. Na chini ya wati mbili usikiamini sana. La usalama: angalia kimeandikwa ampea ngapi, changu ni 13, kwenye umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 2,990 mwisho wake, na heta kubwa sikiachii muda mrefu, nikigusa nikiona kinapata moto nachomoa.

Vilevile hakipimi visivyo na plagi, kama taa za darini au heta ya bafuni ya papo kwa papo, ambayo kwa wenye nayo huenda ndiyo mlaji mkuu, heta ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 zimeenda zaidi ya 0.8 ya uniti. Kwa hivyo unatumia mita kuu. Kama yako ni ya kidijitali itakuwa na kataa kanakopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa uniti moja. Zima kila kitu, washa hicho kimoja, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa hizo sekunde, jibu ni wati. Mpepeso kila sekunde 3.6 ni wati 1,000. Kama imeandikwa 1600 badala ya 1000 basi gawa 2,250. Na hii ni bure kabisa.

Kwenye manunuzi ndo kimenisaidia kwa namna nyingine, sinunui tena kifaa cha umeme kwa kuangalia bei ya dukani tu. Nasoma lebo, uniti kwa mwaka, nazidisha kwa miaka ninayotegemea kukaa nacho. Friji mbili zinazopishana bei kidogo zinaweza kupishana uniti mia moja na zaidi kila mwaka, na ile ya bei rahisi ikageuka ghali kabla haijachakaa. Cha mtumba naenda na kipimo mfukoni, muuzaji akikataa kichomekwe naondoka. Tofauti ya bili nayo nimeiwekea oda ya kudumu benki, siku ileile ninayolipa umeme kiasi kinahamia akaunti ya akiba chenyewe, la sivyo ingeyeyukia kwenye matumizi mengine.

Kama unataka kununua, chagua chenye kioo chenye taa na plagi inayoingia kwenye soketi zako bila adapta, maana kile maarufu cha Kill A Watt mnachokiona kwenye video za Wamarekani kimetengenezwa kwa umeme wao wa volti 120. Na kabla hujatoa hela ulizia kama kuna wa kukuazima, Marekani na Kanada kuna maktaba zinaviazimisha kama vitabu. Nyumba moja haikihitaji mwaka mzima, changu sasa hivi kiko kwa jirani anapima friza yake.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya betri.